Jumanne Asubuhi Makumbusho Huwa Matupu

Jumba la makumbusho ya sayansi hugharimu pesa zilezile liwe limefurika watu au liwe tupu. Taa zinawaka, mitambo ya kupasha joto inafanya kazi, wahudumu wanalipwa mshahara. Jumamosi foleni hufika nje. Lakini Jumanne ya mwezi wa Septemba, saa nne asubuhi, shule ndiyo kwanza zimefunguliwa na walimu bado hawajapanga safari za wanafunzi, kwa hiyo kumbi kubwa hukaa bila mtu. Ndiyo maana majumba mengi ya sayansi nchini Marekani yametenga saa hizo kwa familia zinazosomesha watoto nyumbani, kwa kiingilio cha chini kuliko cha kawaida. Wao wanapata wageni saa ambayo wasingepata mtu, nasi tunaosomesha nyumbani tunapata sayansi kwa bei tunayoimudu.

Naandika haya nikiwa Nakuru, nyumbani kwa mama, mtaa wa Section 58. Tulikuja Januari, mimi na watoto watatu, tukaikimbia baridi ya Columbus, Ohio. Baba watoto amebaki huko na kazi yake. Tangu tufike, kila anayewaona watoto wangu barabarani saa tatu asubuhi bila sare huuliza kwa nini hawako shuleni. Mwenye duka ameuliza, fundi wa viatu ameuliza, akina mama wa kanisani wameuliza kwa zamu. Mama yangu mwenyewe alinyamaza siku kadhaa, kisha jioni moja akaniita jikoni. "Mwanangu, niambie ukweli. Karo imewashinda huko?"

Karo haijatushinda, maana shule za umma za Marekani hazitozi karo. Mimi ni muuguzi, na zamu zangu ni za usiku mwishoni mwa wiki. Watoto wangekuwa shuleni Jumatatu hadi Ijumaa, tungekuwa tunapishana mlangoni tu. Sheria ya Ohio inaruhusu mzazi kusomesha nyumbani, na tangu mwaka 2023 imekuwa nyepesi zaidi: unapeleka taarifa kwa msimamizi wa shule za wilaya yako unapoanza, halafu kila mwaka kufikia tarehe 30 Agosti, ukiahidi kufundisha masomo yaliyotajwa, sayansi ikiwemo. Ofisi hukujibu kwa barua ya kukiri kwamba taarifa imepokelewa. Itunzeni barua hiyo, na picha yake iwe kwenye simu, kwa sababu baadhi ya majumba ya makumbusho huiomba kabla ya kukupa punguzo.

Kenya mambo ni tofauti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria, kwa hiyo simshauri mtu yeyote wa Nakuru amtoe mtoto wake darasani. Haya ninayoyasimulia yanamhusu hata mzazi ambaye watoto wake wanavaa sare kila siku.

Aliyenifanya niketi niandike ni dada yangu, mwalimu wa Gredi ya 5. "Kusoma na hesabu naelewa," aliniambia. "Sayansi unaifundishaje bila maabara?" Nikamjibu kwamba maabara tunayo, ina ghorofa na mifupa ya dinosau, na kuingia hakutugharimu kama anavyodhani.

Nianze na hizo siku maalumu. Jumba moja litakuwa nazo kila mwezi, jingine mara chache kwa mwaka, karibu zote zikiwa kati ya Septemba na Mei na katikati ya wiki. Hapo watu huchanganya mambo mawili. Kuna punguzo la kiingilio, ambalo linakuruhusu wewe na watoto kuzunguka kumbi zote mtakavyo. Na kuna madarasa, ambayo hulipiwa zaidi, hupangwa kwa umri, na nafasi zake huisha mapema. Mtoto wa chini ya miaka saba hahitaji darasa. Mpeleke ukumbini aguse, avute, azungushe, amwage maji, na usimharakishe kwenda kituo kinachofuata. Mwenye miaka kumi kwenda juu ndiye anayefaidi darasa, kwa kuwa huko atapewa darubini ya kuonea vijidudu na vifaa ambavyo mzazi hawezi kununua. Na mkumbuke kwamba katika siku hizi mzazi hubaki na watoto wake. Si mahali pa kuwaacha ukaenda dukani.

Binti yangu mkubwa alipasua jicho la ng'ombe katika darasa la namna hiyo. Alirudi nyumbani akiongea juu ya ile lenzi, jinsi ilivyokuwa ngumu kidogo na angavu kama tone la maji, na jinsi nyuma ya jicho palivyong'aa kwa rangi ya buluu na kijani. Ngozi hiyo inayong'aa ndiyo hurudisha mwanga na kuyafanya macho ya ng'ombe na mbuzi yamulike gizani. Sisi binadamu hatunayo. Tulipofika Nakuru alikwenda na mjomba wake bucha, akaomba macho ya mbuzi. Mwenye bucha alimpa bila kumtoza shilingi. Binamu zake wakakusanyika uani, mama akatoa sinia moja kuukuu, mjomba akashika kisu, na binti yangu akafundisha. Lenzi ilipowekwa juu ya ukurasa wa gazeti, herufi zikakua. Mama, ambaye amepika kichwa cha mbuzi maisha yake yote, alivaa miwani akaja kutazama kwa karibu.

Sasa bei. Mbali na siku maalumu, kuna bei ya kikundi. Majumba mengi yana kiwango cha chini cha watu, kumi mahali pengine, kumi na watano kwingine, na mkifika idadi hiyo mnatozwa bei inayokaribia ya safari za shule. Familia moja haifiki. Kwa hiyo pale Columbus tumejikusanya, akina mama wa Kenya, wa Tanzania, Wakongomani kutoka Kivu, na Wasomali waliokulia Eastleigh, lugha yetu sote ikiwa Kiswahili. Mmoja wetu hupiga simu makumbusho, hupanga tarehe, na hukusanya pesa. Pesa hukusanywa yote kabla ya siku yenyewe, kwa sababu jumba hutaka malipo ya mara moja na huhesabu watu mlangoni. Watoto wetu wadogo wamejifunza Kiswahili zaidi kwenye safari hizo kuliko mezani kwangu, maana pale wanabishana kuhusu sumaku na mtoto aliyelelewa Bukavu.

Njia ya tatu ni uanachama wa mwaka mzima, na kwa familia inayosomea nyumbani naona ndiyo bora kupita zote. Kadi ya familia kwa kawaida hubeba watu wazima wawili na watoto wa nyumba hiyo. Kwa familia yenye watoto kadhaa, hurudisha pesa zake baada ya kwenda mara chache. Faida kubwa ni kwamba kadi hukuondolea ile haja ya kukaa kutwa nzima ili tiketi isipotee bure. Unaweza kwenda saa moja na nusu, mkaangalia kitu kimoja, mkarudi nyumbani kula.

Kadi hiyo ina jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Chama cha majumba ya sayansi kinachoitwa ASTC kina mpango wa pasipoti ya safari: mwanachama wa jumba mojawapo huingia bure katika majumba mengine yaliyomo kwenye orodha. Kuna sharti la maili 90, kwa mstari ulionyooka. Jumba unalotaka kwenda liwe mbali kuliko hapo kutoka nyumbani kwako, na pia liwe mbali kuliko hapo kutoka jumba ulilojiunga nalo. Kwa mtu wa Columbus, Dayton iko karibu mno, lakini Cleveland na Pittsburgh ziko mbali ya kutosha. Uwe na kitambulisho chenye anwani yako. Sinema kubwa na maonyesho maalumu hayamo, na orodha hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo piga simu kwanza kabla ya kujaza mafuta. Sisi hupenda sana Cleveland, kando ya Ziwa Erie, kwa sababu Great Lakes Science Center ina chombo halisi cha angani cha Apollo kilichowarudisha duniani wanaanga wa kituo cha Skylab mwaka 1973. Ukikisogelea unaona jinsi ngao yake ya chini ilivyoungua kwa joto la kurudi kupitia angahewa ya dunia.

Kuna mpango mmoja ambao nautaja kwa sauti kwa sababu watu wetu wanauonea haya. Unaitwa Museums for All, ulianza mwaka 2014, na majumba zaidi ya 1,000 nchini Marekani yamejiunga nao. Familia yenye kadi ya msaada wa chakula huonyesha kadi hiyo na kitambulisho, na huingia bure au kwa bei isiyozidi dola 3 kwa kila mtu, hadi watu wanne. Haingoji siku maalumu; ni mwaka mzima, katika siku zote jumba likiwa wazi. Familia nyingi za wageni waliofika karibuni wana kadi hiyo mkobani na hawajawahi kuitumia mahali pengine ila dukani. Wengine wanalipa bei ya siku ya wanaosomea nyumbani ilhali kadi yao ingewaingiza kwa bei ya chini zaidi. Dada, kaka, ionyesheni. Anayekaa pale mlangoni ameona kadi nyingi kama hiyo asubuhi hiyohiyo, na ameajiriwa kuwakaribisha.

Maktaba za umma nazo, katika miji mingi, huazimisha pasi za makumbusho kama zinavyoazimisha vitabu. Na kuna majumba ya bure kabisa. Lile la Jeshi la Anga karibu na Dayton halitozi kiingilio, nalo lina ndege za kutosha kumchosha mtoto asiyechoka. Ya Smithsonian kule Washington ni bure. Wenzetu wa Chicago wanajua kwamba majumba makubwa yaliyo kwenye ardhi ya bustani za jiji hulazimika kutoa siku 52 za bure kwa mwaka kwa wakazi wa Illinois, na nyingi huangukia katikati ya wiki, siku ambazo sisi tunaosomea nyumbani tuna nafasi. Walio London wana Science Museum, ambako kuingia ni bure.

Tahadhari moja juu ya kalenda. Mwezi wa Mei uuepuke ukiweza. Shule zote huamka kwa pamoja kabla ya kufunga mwaka, mabasi ya njano yanajipanga, na kelele ndani ya ukumbi inamfanya mtoto asisikie hata unachomwambia. Septemba na Januari ndizo tamu.

Na hapa nafika kwenye jambo linalonigusa hasa. Ile bei ya chini ni nzuri, lakini nimekuja kuamini kwamba tunachopewa katika zile saa tupu ni mtu mwenye nafasi ya kutusikiliza. Jumamosi mhudumu wa ukumbini anaongoza umati. Jumanne asubuhi mtu huyohuyo, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa chuo kikuu au mhandisi mstaafu aliyejitolea, amesimama peke yake akingoja mtoto yeyote amwulize kitu.

Jumba letu la Columbus linaitwa COSI. Lilianza mwaka 1964, na tangu 1999 liko kando ya mto Scioto. Lina pendulamu ya Foucault: tufe zito linaloning'inia kwa waya mrefu na kubembea polepole, huku likiangusha vitufe vilivyopangwa kwa duara, kimoja baada ya kingine. Mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault aliionyesha mara ya kwanza Paris mwaka 1851. Pendulamu hubembea katika uelekeo wake uleule. Ni dunia inayojizungusha chini yake, na ndiyo sababu vitufe huonekana kufuatwa kimoja kimoja. Mwanangu wa kati alisimama hapo hadi kitufe kikaanguka, akasubiri kingine, akasubiri tena. Kisha akamwuliza yule mzee aliyekuwa karibu: "Kwa shosho Kenya, nako inazunguka hivi?"

Mzee yule hakumpa jibu la kumwondoa. Alivuta kiti. Akachora duara kwenye karatasi, akaweka alama ya Ohio na alama ya Kenya, akaeleza kwamba mzunguko wa pendulamu unategemea umbali wa mahali kutoka ikweta. Kwenye ncha ya kaskazini ingemaliza duara kwa siku moja. Columbus, iliyo nyuzi 40 kaskazini, huchukua kama saa 37. Kwenye ikweta yenyewe haizunguki kabisa. "Nakuru iko wapi hasa?" akauliza. Tukatafuta: kama sehemu tatu za kumi za nyuzi moja kusini ya ikweta. Wakapiga hesabu pamoja, mzee na mtoto wa miaka kumi, na jibu likatoka kwamba pendulamu ya Nakuru ingehitaji kama siku 190 kumaliza duara moja. Zaidi ya miezi sita! Mazungumzo hayo hayakuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Yaliwezekana kwa sababu hapakuwa na mtu nyuma yetu.

Mtoto huyo alipanda ndege Januari akiwa na maswali yake tayari. Wiki chache baada ya kufika, mjomba wake alitupeleka Mogotio, kwenye barabara ya kwenda Marigat, ambako ikweta inakatiza na pana kibao cha kupigia picha. Huenda mmewahi kuona, kwenye vibao vya namna hii, mtu mwenye beseni lenye tundu akionyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini, hatua chache tu kutoka mstari. Mtoto akataka kujua kama ni kweli. Nikamwambia ahesabu kama walivyohesabu na mzee. Hatua chache kutoka ikweta, nguvu ya mzunguko wa dunia ni kama haipo, na hata Columbus haitoshi kugeuza maji ya beseni. Kinachoyageuza ni jinsi yalivyomwagwa na jinsi beseni lilivyogeuzwa mkononi. Tulijaribu wenyewe uani kwa kopo lililotobolewa, na tukaweza kuyapeleka maji upande wowote tuliotaka.

Tarehe 20 Machi, siku ambayo usiku na mchana hulingana, tulifanya jaribio nililolitamani tangu tukiwa Ohio. Tulisimamisha fimbo ya mita moja uani kwa mama, wima kabisa, tukaipima kwa timazi ya fundi mwashi jirani. Jua la Nakuru siku hiyo hufika juu kabisa karibu saa saba kasorobo mchana, kwa vile tuko magharibi ya mstari unaotumika kupangia saa zetu. Kivuli kilipungua, kikapungua, kikabaki kama unene wa fimbo yenyewe. Watoto wa majirani, waliokuwa wamerudi kula chakula cha mchana, walisimama juani wakitafuta vivuli vyao chini ya miguu. Baba watoto alifanya hivyohivyo Columbus, kwao ikiwa saa saba na dakika arobaini mchana, sisi huku tayari tumekula chajio. Akatutumia picha: kivuli cha sentimita 84. Kwa urefu huo unapata pembe ya nyuzi 40, na kila nyuzi ni kama kilomita 111, kwa hiyo baba yao yuko kilomita 4,440 hivi kaskazini ya ikweta. Eratosthenes, mtaalamu Mgiriki wa kale, alitumia njia hiyohiyo kati ya Aleksandria na Aswan, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akaupima mzingo wa dunia bila kutoka Misri. Mama alisikiliza hesabu yote hadi mwisho, kisha akauliza kama baba watoto anakula vizuri.

Dada yangu alitazama haya yote na kuniuliza kama Nakuru tuna mahali pa namna ile, pa kwenda na watoto asubuhi pasipo na foleni. Nilifurahi sana kuulizwa, kwa sababu tunapo, na ni matupu kuliko inavyofaa.

Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya makazi ya watu wa kale, iko kilomita nne hivi kutoka mjini, kwenye barabara ya Nairobi. Unapanda matatu ya Lanet unashuka. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alianza kuchimba hapo mwaka 1937, eneo likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943, na jumba dogo la makumbusho likafunguliwa mwaka 1965 katika nyumba ya zamani ya shamba. Nilikulia Nakuru na niliipita kwa matatu utoto wangu wote. Tulikwenda siku ya kazi, asubuhi, na mwongozaji alikuwa na muda wote wa dunia. Alituonyesha mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, watu wa kale walipokuwa wakicheza, na watoto wakaketi papo hapo wakataka kucheza kwa vijiwe. Alituonyesha yalipokuwa makaburi na mazizi ya mifugo. Kisha akatupandisha juu, akanyoosha mkono kuelekea ziwa, akaeleza kwamba maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Nakuru lilikuwa kubwa mno, limeungana na Ziwa Elementaita, na maji yalifika hadi hapa kilimani. Mwanangu wa kati akauliza kama ziwa linarudi tena, maana amesikia kwamba tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda hadi yakameza lango la zamani la mbuga. Mwongozaji alisimama naye dakika nyingi kwa swali hilo. Nilimkumbuka yule mzee wa pendulamu.

Kuhusu kiingilio, kuna jambo la kuwaambia walio ughaibuni wanaokuja na watoto. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana bei tofauti kwa raia, wakazi na wageni kutoka nje, na watoto wana bei yao ya chini. Mtoto aliyezaliwa Marekani na mama au baba Mkenya ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa. Katiba ya 2010 inasema hivyo. Lakini mlangoni watataka kuona hati. Mwenye pasipoti ya Marekani pekee atahesabiwa mgeni, na tofauti ya bei ni kubwa, hasa mbugani. Watengenezeeni watoto pasipoti za Kenya kabla ya safari, na mje nazo siku hiyo badala ya kuziacha sandukuni. Malipo ni kwa simu, kwa hiyo hakikisheni laini yenu imeandikishwa na ina salio.

Dada sasa ameshika jambo hili kuliko mimi. Shule zikifungwa Aprili anataka kupeleka watoto wa mtaa Kariandusi, kabla ya kufika Gilgil, mahali ambapo mtafiti Louis Leakey, mume wa Mary, alipata mashoka ya mawe mwaka 1928. Mengine yametengenezwa kwa jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo, na bado yamelala pale yalipochimbuliwa. Pembeni pana machimbo ya udongo mweupe ulio mwepesi ajabu, ambao ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho, ushahidi mwingine kwamba huko nako palikuwa ziwa. Amesema tutaomba siku ya katikati ya wiki, tutaandika barua mapema tukitaja idadi na umri wa watoto, tuulize bei ya kikundi, na tuombe mwongozaji atupe asubuhi nzima badala ya nusu saa. Matatu ya kukodi ameshaiulizia. Kuna mzazi aliyeuliza kwa nini tusingoje Jumamosi ili na yeye aje, na dada akamweleza vizuri kuhusu muda wa mwongozaji. Yule mzazi ameamua kuomba ruhusa kazini.

Ninyi wa Columbus, tutarudi mapema Mei. Nitaanza kukusanya majina ya kikundi cha Septemba mara tu nitakapopumzika. Niandikieni idadi ya watoto, umri wao, kama mna kadi ya uanachama au ile ya chakula, na siku gani ya katikati ya wiki hamko zamu. Taarifa ya wilaya ipelekwe kufikia tarehe 30 Agosti, ili barua ya majibu iwe mkononi kabla hatujapiga simu makumbusho.